Serengeti Boys Inafuzu, Inatoka: Tatizo Liko Wapi?

Aprili 2025 Serengeti Boys, timu ya taifa ya wavulana wa chini ya miaka 17, walirudi kutoka fainali za Afrika nchini Morocco mikono mitupu. Walifungwa 4-1 na Zambia, wakafungwa 3-0 na Uganda, na wenyeji Morocco nao wakawafunga. Kundi likaisha Tanzania ikiwa mkiani bila pointi hata moja. Tangu hapo vijiwe vya mpira havijaelewana. Huyu anasema wenzetu walichezesha vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri. Yule anasema sisi ndio tuliowaacha vijeba wetu nyumbani kwa kuogopa mashine ya kupima umri, ndiyo maana tumepigwa. Wa tatu anataka kocha aondoke, wa nne anataka akademi ya taifa, wa tano anataka tukawalete watoto wa Kitanzania waliozaliwa Ulaya. Mara nyingi mtu mmoja anashikilia hoja mbili zinazopingana na wala hazimsumbui.

Mkanganyiko huu si wa kupuuzwa, kwa sababu fedha za soka la vijana ni chache na mara nyingi hufuata hoja yenye kelele kubwa. Hapa tutaanza na rekodi, kisha tupime hoja moja baada ya nyingine. Na timu hii ya taifa tutaitazama kutoka Simbo, kata ya Wilaya ya Kigoma ambako barabara ya Ilagala na Kalya huchepuka kuelekea kusini mwa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Timu ya watoto ya taifa hupimwa kwanza kwa jambo hili: je, mfumo wake unamwona mtoto wa mahali kama hapo?

Rekodi inasema nini

Kosa la kwanza la mjadala ni kuizungumzia Serengeti Boys kana kwamba ni Simba au Yanga, klabu ambayo wachezaji wake wanabaki. Timu ya chini ya miaka 17 huvunjwa na umri. Kwa fainali za 2017 mchezaji alitakiwa awe amezaliwa kuanzia Januari 1, 2000. Kwa fainali za 2019 kikomo kikasogea hadi 2002. Karibu kikosi kizima hubadilika. Anayesema timu "imeshuka" kati ya mashindano hayo mawili anazungumzia watoto tofauti kabisa.

Habari ya kwanza kubwa ya timu hii ni ya aibu. Tanzania ilikuwa imefuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia, ikaenguliwa kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe ikapewa nafasi hiyo. Miaka 12 baadaye mambo yakageuka. Katika mechi za mwisho za kufuzu fainali za 2017, Tanzania iliifunga Congo Brazzaville 3-2 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Brazzaville, ikatolewa kwa bao la ugenini. Ikakata rufaa juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Congo. CAF ikaagiza apelekwe kupimwa, hakupelekwa, Congo ikaenguliwa na Serengeti Boys wakapanda ndege kwenda Gabon.

Kule Gabon walicheza vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Walitoka suluhu na Mali, ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa. Wakaifunga Angola 2-1. Mechi ya mwisho wakafungwa 1-0 na Niger. Tanzania na Niger wakalingana kwa pointi 4, Niger wakapita kwa kuwa ndio walioshinda walipokutana. Sare moja tu na Niger ingewafikisha vijana wetu nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia nchini India. Hadi 2025 hakuna timu ya wavulana ya Tanzania iliyokuwa imelisogelea Kombe la Dunia kiasi kile.

Mwaka 2019 fainali zikaja nyumbani, Dar es Salaam. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Nigeria, Tanzania iliongoza 4-2 kisha ikafungwa 5-4. Ikafuata 3-0 kutoka kwa Uganda na 4-2 kutoka kwa Angola. Mabao 6 ya kufunga, 12 ya kufungwa, pointi sifuri. Tulifuzu pia fainali za 2021, zikafutwa kwa sababu ya korona kabla mpira haujachezwa. Ikaja 2025, na pointi sifuri tena.

Kwa jumla ni fainali tatu zilizochezwa hadi 2025, mechi 9, ushindi 1, sare 1, vipigo 7. Timu inajua njia ya kufika. Ikifika, inakwama. Hoja yoyote inayotaka kuaminiwa lazima ieleze mambo hayo mawili kwa pamoja.

Hoja ya umri, na mfupa wa mkono

Hoja ya vijeba ina mashiko, na asiseme mtu kwamba ni kisingizio tu. Mwaka 2019 Guinea walifika fainali hapa Dar es Salaam, wakapoteza kwa Cameroon kwa penalti. Baadaye ikabainika kwamba wachezaji wao wawili waliwahi kucheza mashindano nchini Japan wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea wakanyimwa Kombe la Dunia, nafasi yao wakapewa Senegal. Ukijumlisha na Congo ya 2017 na sisi wenyewe mwaka 2005, ni wazi kwamba udanganyifu upo na hauna utaifa.

Lakini hoja hii ina mipaka, na mipaka hiyo iko kwenye mashine yenyewe. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009. Kijana hulaza mkono, mashine ikapiga picha ya kifundo. Daktari anatazama mwisho wa mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, pale kwenye utepe wa gegedu ambao mfupa hukulia. Kwa mtoto utepe huonekana wazi. Kadiri anavyokua unaziba, na ukishaziba kabisa, ni karibu hakika kwamba kijana huyo amevuka miaka 17. Kipimo humnasa vizuri mtu wa miaka 20. Kijana wa miaka 18 aliyechelewa kukomaa anaweza kupita, na ni nadra, lakini inawezekana, kijana wa kweli wa miaka 16 akakataliwa. Mashine inasoma mfupa. Tarehe ya kuzaliwa haioni.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba hoja ya vijeba haielezi vipigo vyetu. Uganda na Angola walikuwa chini ya kanuni zile zile za umri. Na timu inayoongoza 4-2 dhidi ya Nigeria kisha ikapoteza haikuzidiwa mifupa. Ilizidiwa namna ya kuutuliza mchezo, kupoteza muda kihalali, kujua wakati wa kurudi nyuma. Hayo hujifunzwa kwa mechi, na mechi nyingi.

Kuna upande wa umri usiozungumzwa, nao ndio unaoigusa Simbo. Sensa ya 2012 ilionesha kwamba Tanzania Bara ni takribani watu 13 tu katika kila 100 waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kupitia vituo vya afya na ofisi za kata ulianzia Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mkoa kwa mkoa. Kwa hiyo vijana wengi wa kizazi kilichotoa vikosi vya 2017 na 2019 walikua bila cheti. Mtoto wa kijiji cha mwambao aliyezaliwa nyumbani, akaanza darasa la kwanza amechelewa, umri wake uko kwenye daftari la uandikishaji la shule, na tarehe iliyomo ni ile mzazi aliyoikumbuka siku ile. Aliyerudia darasa kwa jina la mwingine ana tarehe ya huyo mwingine. Kocha akimtazama kijana huyo anaona hatari, akamwacha. Amefanya busara, ila taifa limempoteza mchezaji ambaye hakumdanganya mtu yeyote.

Kwa Kigoma mzigo ni mara mbili. Mkoa unapakana na Burundi, ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na wilayani Kasulu kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Malalamiko ya wakazi kuhojiwa uraia wao yamefika bungeni zaidi ya mara moja. Kijana wa Simbo anatakiwa kuthibitisha kwamba ni mdogo na pia kwamba ni Mtanzania, na karatasi inayothibitisha yote mawili ni ile ile ambayo hakupewa alipozaliwa.

Hoja ya kambi na akademi

Wanaotaka kambi ndefu wana mfano wa 2017 mkononi. Kikosi kile cha kocha Bakari Shime, akiwa na Kim Poulsen kama mshauri, kilikaa pamoja muda mrefu na kikapelekwa kambi Morocco kabla ya Gabon. Kilionekana timu. Shida ni kwamba kikosi cha 2019 chini ya Oscar Mirambo nacho kiliandaliwa kwa safari za nje, ikiwemo mashindano nchini Uturuki wiki chache kabla ya fainali. Maandalizi yalifanana, matokeo yakawa mbali kama mbingu na ardhi. Kambi husaidia, lakini haiwezi kubeba peke yake lawama wala sifa.

Akademi ni hoja pana zaidi. Morocco ndio mfano unaotajwa: akademi ya Mohammed VI ilifunguliwa karibu na Rabat mwaka 2010, na mwaka 2025 Morocco wakawa mabingwa wa Afrika wa chini ya miaka 17, kisha mabingwa wa dunia wa chini ya miaka 20 nchini Chile. Kati ya kufungua na kuvuna ilipita miaka 15. Tanzania nayo ina vituo vya shirikisho la soka, TFF, vya Kigamboni na Tanga, vilivyojengwa kwa msaada wa FIFA. Faida ya kituo ni dhahiri: chakula, shule, daktari, walimu waliosomea kazi. Hasara yake ni umbali. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati. Kituo kilicho pwani kitajaa watoto wa pwani, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, kwa sababu ndio wanaofika kwenye majaribio.

Hata hivyo, ukichunguza kikosi cha 2017 unakuta funzo ambalo wapenda akademi wa Dar es Salaam hulipita haraka. Nahodha Dickson Job, pamoja na Kibwana Shomari na Nickson Kibabage, walipitia Mtibwa Sugar, klabu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, Morogoro. Baadaye wote watatu walichezea Yanga na kuitwa Taifa Stars. Klabu ya mashambani yenye timu za vijana zinazocheza kweli iliipa nchi sehemu ya uti wa mgongo wa kikosi chake bora cha miaka 17. Kilichokuwepo Turiani ni mwajiri aliyevumilia miaka mingi, uwanja, na mechi.

Wapo wanaoamini kwamba kuandaa fainali nyumbani ndiko kutaipandisha timu. Tulijaribu mwaka 2019. Kenya nao wamejaribu katika raga: timu yao ya chini ya miaka 20, Chipu, ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya daraja la pili mwaka 2009, Romania wakachukua kombe, na tena mwaka 2023, likachukuliwa na Hispania. Kilele cha Chipu kilitokana na kazi ya uwanjani, pale walipoifunga Namibia 21-18 jijini Nairobi mwaka 2019 na kwenda Brazil kama mabingwa wa Afrika wa Kombe la Barthés. Kule wakakutana na Japan na Uruguay, ukuta ukaonekana. Uenyeji hukupa mechi tatu au nne na uwanja uliokarabatiwa. Ngazi ya kupanda daraja haiji pamoja navyo.

Kuhusu watoto wa ughaibuni, jibu ni fupi. Waitwe wanaostahili. Lakini timu inayobadilika kila mara haiwezi kutegemea watoto ambao wazazi wao na klabu zao ndio wenye uamuzi wa kuwaruhusu.

Hoja ya shule na mchangani

Mlango rasmi wa mtoto wa Simbo ni Umitashumta akiwa shule ya msingi na Umisseta akiwa sekondari. Kwa uwazi, ni mlango mzuri kuliko yote: hauulizi ada, unaanzia shuleni kwake, unapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Kasoro yake ni hesabu. Ni mashindano ya mtoano na makundi mafupi yanayobanwa kwenye wiki chache za katikati ya mwaka. Shule ikitolewa mapema ngazi ya kata, watoto wake wamemaliza soka la ushindani la mwaka mzima kwa mechi mbili au tatu. Na kwa kuwa kila ngazi inataka kombe, mamluki huingizwa, na mamluki ni kijeba wa shuleni.

Kombe fupi lina dosari nyingine ya kimya. Kikomo cha umri kinapokuwa Januari 1, aliyezaliwa Januari anampita wa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa kukua. Katika umri wa miaka 14 tofauti hiyo inaweza kuonekana wazi kwa urefu na nguvu. Mchaguzi mwenye siku tatu za kutazama atamchukua mrefu, hata kama mfupi ndiye anayeuona mpira. Ligi ya miezi humpa mdogo muda wa kuonekana.

Nje ya shule kuna chandimu na ndondo. Chandimu hujenga miguu, na mtu anayetilia shaka vipaji vya mwambao huu hajatazama watoto wanavyomiliki mpira kwenye mchanga. Ila mchangani hakuna kocha, hakuna mwamuzi wa kuotea, na kijana wa miaka 15 akionekana anajua hupandishwa kucheza ndondo na watu wazima, ambako hujifunza ubavu kabla ya akili.

Kigoma haikosi hamu ya mpira. Julai 25, 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilipigwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakaifunga Yanga 1-0. Mwaka 2023 Mashujaa wakapanda Ligi Kuu na kuifanya Kigoma kuwa na timu yake ya kutazama msimu mzima. Klabu ya Ligi Kuu inatakiwa kuwa na timu za vijana, kwa hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kijana wa Simbo ana mahali pa kupanda bila kuhama mkoa. Lakini kutoka chandimu hadi timu ya vijana ya Mashujaa kuna pengo, nalo ni ligi ya kila wiki ya umri wake.

Tuseme wilaya ina timu nane za kata za chini ya miaka 17, nyumbani na ugenini. Kila timu inacheza mechi 14 kwa msimu. Mtoto anayeingia akiwa na miaka 13 na kutoka na 16 amepata misimu minne, mechi 56 zenye mwamuzi na msimamo wa ligi. Huyo ndiye anayeweza kuongoza 4-2 na kujua la kufanya. Gharama ni mipira, nauli za magari, posho za waamuzi na makocha wa daraja la chini. Ni gharama isiyo na picha ya uwanja wa ndege wala bendera, ndiyo maana haipati mdhamini haraka.

Wasichana wametuonesha jambo

Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya wasichana wa chini ya miaka 17, waliifunga Cameroon 4-1 kwao Yaoundé, wakaifunga tena 1-0 Zanzibar, wakawa timu ya kwanza ya taifa ya soka ya Tanzania kufika Kombe la Dunia la FIFA. Nchini India walifungwa 4-0 na Japan, kisha wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali. Colombia wakawatoa kwa 3-0. Kocha alikuwa Bakari Shime, yule yule wa Gabon.

Kulinganisha kunahitaji uangalifu. Soka la wasichana Afrika lina mataifa machache yaliyowekeza, hivyo njia ya kufuzu haina msongamano wa upande wa wavulana. Lakini msongamano hauelezi ushindi dhidi ya Ufaransa. Ninavyoona mimi, tofauti kubwa ni kwamba msichana wa miaka 16 mwenye kipaji hupata nafasi mapema kwenye ligi ya wanawake na kucheza msimu mzima dhidi ya wakubwa, wakati mvulana wa umri huo hukaa akisubiri kuitwa kambini. Wasichana walikwenda India wakiwa wamezoea kucheza mechi zenye maana.

Uzito uko wapi

Udhibiti wa umri ni wa lazima, na sehemu yake yenye faida kubwa iko mbali na mashine: ni cheti kinachotolewa mtoto akiwa na miezi, pale zahanati. MRI ibaki kuwa kizuizi cha mwisho. Kambi iendelee, kwa kiasi, kwa sababu timu haiwezi kukutana uwanja wa ndege. Akademi iwepo, lakini ikichukua watoto kutoka ligi zinazoonekana, la sivyo itakuwa inachagua kutoka kwenye kundi dogo lile lile la waliofika majaribio. Fedha mpya, ninasema bila kusita, ziende kwanza kwenye mechi za wilayani.

Uamuzi huo una bei. Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 sasa huchezwa kila mwaka, Qatar, hadi 2029, likiwa na timu 48 na nafasi 10 za Afrika. Nafasi zimeongezeka, na kishawishi cha kukusanya kikosi cha haraka kimeongezeka pia. Uganda walimaliza juu yetu katika kundi lile la Morocco, wakapita kwa mlango wa mchujo, wakaenda Qatar na kuifunga Ufaransa 1-0. Kila Mtanzania aliyeona matokeo yale alijiuliza kwa nini si sisi. Anayepeleka fedha wilayani leo atavumilia fainali mbili au tatu za vipigo, na atalaumiwa, kwa sababu mtoto aliyeanza ligi ya kata akiwa na miaka 12 atafikisha umri wa Serengeti Boys baada ya miaka minne.

Kipimo cha mafanikio nacho kibadilike. Kikosi cha 2017 kilishinda mechi moja tu Gabon, lakini kikaipa nchi mabeki wa timu ya wakubwa. Kikosi cha 2019 kilipoteza zote, na Kelvin John aliyekuwemo akasajiliwa na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021. TFF ingetangaza kila mwaka wachezaji wa kila kikosi cha zamani wako wapi, wanacheza daraja gani, na walitoka mkoa gani. Safu hiyo ya mikoa ndiyo itakayotuambia mengi. Kama Kigoma haimo mwaka hadi mwaka, kasoro ni ya mfumo wa kutafuta.

Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma haihitaji kusubiri ruhusa ya mtu kuanza. Maofisa michezo wapo, walimu wapo, viwanja vya shule vipo, na Mashujaa wako mjini wakihitaji vijana. Msimu mmoja wa kata nane, Simbo ikiwa mojawapo, kila mchezaji akisajiliwa kwa cheti cha RITA au kusaidiwa kukipata kabla ya mechi ya kwanza, ungetosha kuonesha kama hesabu hii ni ya kweli.